Tatu Nukta Sita

Krrrr. Kimya. Krrrr tena, kwa sauti nzito zaidi, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua. Sauti hiyo inakupokea getini, kabla hujauona mlango wa karakana wala kujua ndani kunafanyika nini.

Ndani, saa mbili kasoro asubuhi, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi kisogoni amesimama mbele ya kisu kinachozunguka. Kisu kinachonga tofali la povu gumu mpaka litoe umbo la kigutu cha mtu. Juu ya umbo hilo itabanwa plastiki ya moto, na plastiki ikipoa itakuwa kikombe cha mguu wa bandia, pale kigutu kinapoingia.

Wenzake humwita Mama Milimita. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, na kwa wiki hutoa vikombe kumi na kimoja.

"Mchuzi ukizidi chumvi utakula huku unanung'unika," anasema bila kuinua macho. "Mguu ukikosea milimita mbili, mtu halali."

Tangu jana hajatia kitu tumboni zaidi ya chai. Anashika zamu zote mbili, ya asubuhi na ya mchana, kwa sababu mwenzake wa mchana yuko stoo anahesabu mikanda, na mkataba wake unakatwa mwisho wa mwezi. Mwenzake huyo ni wifi yake, dada wa mumewe. Aliyemtoa kwenye mashine ni Mama Milimita mwenyewe.

Mwaka jana kompyuta inayoendesha kisu ilikata roho. Ikaletwa mpya, lakini programu ya kuchongea ikabaki ileile kongwe, maana mashine haisikii nyingine. Mkuu wa karakana akatoa sheria: kila mtu aingie kwenye kompyuta kwa jina lake na nywila yake, ijulikane nani kafanya nini.

Kisu kila kinaponolewa hupungua, na namba ya kina chake lazima ibadilishwe kwenye programu. Mawifi hao walikuwa na utaratibu wao. Aliyenoa ndiye anayepima, anaingiza namba, anahifadhi, kisha anaiandika kwenye daftari lililoning'inizwa kwa kamba pembeni mwa mashine.

Hapo ndipo shetani alipoingia. Asubuhi Mama Milimita anahifadhi namba mpya. Mchana wifi anafungua programu, anakuta ya zamani. Anarekebisha, anaandika daftarini: "Wifi, umesahau." Kesho yake Mama Milimita anaikuta namba yake imekaa palepale alipoiacha. Anajibu: "Vaa miwani."

Mwanzoni walicheka. Baadaye daftari likageuka uwanja wa vita, na ile "vaa miwani" ikafika mpaka kwenye meza ya chakula nyumbani. Mume wa Mama Milimita akawa mtu wa kuzungumzia mvua tu, kila penye dada yake na mkewe.

Kisha akaja mwalimu mstaafu, mguu wake mmoja umekatwa chini ya goti. Asubuhi ya siku hiyo Mama Milimita alikuwa amenoa kisu na kuandika tatu nukta sita. Mchana wifi alisoma daftari, akachonga. Hakufungua ukurasa wa namba kuhakikisha. Alikuwa amechoka kuambiwa avae miwani.

Kikombe kikambana mwalimu, kikamtia kidonda. Wiki sita yuko kwenye magongo.

Mkuu alipima umbo lililochongwa. Lilitoka kwa nne nukta mbili, namba ya zamani. Akafungua programu asubuhi, kwa jina la Mama Milimita, akakuta tatu nukta sita. Hivyo ikaonekana kwamba mtu wa mchana alibadilisha namba, alipoharibu akairudisha.

"Niliambiwa niandike barua ya ushahidi, nikaandika," anasema Mama Milimita. "Kwamba wifi yangu kaichezea mashine. Nikatia sahihi. Na usiku wake nililala fofofo, wala sikujigeuza."

Jana akaja fundi wa kompyuta, anayeitwa Subira kwa sababu hajawahi kufika siku aliyoahidi. Alikuja kutengeneza printa. Akaingia kwa jina lake, akafungua programu ya kuchongea ajaribu kuchapa. Kwenye nafasi ya kina cha kisu palisomeka tano kamili.

Mama Milimita akauliza nani tena kagusa. Subira akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Akalitafuta faili la mipangilio kompyuta nzima. Yakajitokeza matatu.

Programu kongwe, akamweleza, imezoea kuweka mipangilio ndani ya folda yake yenyewe. Kompyuta za sasa zinailinda folda hiyo, haziruhusu mtu kuandika humo. Lakini hazisemi hapana. Zinaichukua namba kimyakimya, zinakwenda kuificha kwenye folda ya yule aliyeingia, na kila mtu anaona yake tu.

"Hili la kiwandani, lenye tano kamili, halijaguswa tangu lizaliwe," akasema. "Hili lako. Na hili la wifi yako, lenye nne nukta mbili, mara ya mwisho kuandikwa ni wiki tatu kabla ya mguu wa mwalimu."

Mama Milimita akakaa juu ya boksi la povu, likabonyea naye. Akaomba asomewe tarehe hiyo tena. Akaomba mara ya tatu. Miezi yote hiyo walikuwa wawili wanaosema kweli, na mmoja wao akaandika barua ya kumshtaki mwenzake.

Leo saa nane mchana Subira, kwa mara ya kwanza, amefika siku aliyosema. Ameihamisha programu kutoka kwenye folda inayolindwa, akaitengea folda yake pembeni na kuwapa wote ruhusa ya kuandika humo. Mama Milimita anaingia kwa jina lake, anahifadhi tatu nukta sita, anatoka. Ili kuhakikisha, lazima wifi naye aingie kwa jina lake.

Anaitwa. Anakuja na vumbi la stoo kwenye mikono, hasalimii mtu. Anaandika nywila kwa vidole viwili, anafungua ukurasa wa namba. Tatu nukta sita. Subira anamweleza yote, naye anasikiliza mpaka mwisho akiwa ameikodolea macho skrini.

"Haya, wifi," anasema polepole. "Miwani avae nani?"

Mama Milimita anaivua yake, anaiweka juu ya daftari.

"Barua niliiandika mimi, nitaifuta mimi. Kesho, kabla mashine haijawashwa, nitasimama mbele ya mkuu na mbele ya mwalimu, wewe ukiwa pembeni yangu, niseme hukugusa kitu. Na kikombe kipya cha mwalimu utakichonga wewe. Nakuahidi, wifi."