Ndevu za Mjomba

Kaka yangu ni kinyozi, na ni kinyozi mzuri. Nalisema mapema kwa sababu yatakayofuata hayatamsifu. Ana kiduka cha chumba kimoja, kiti cha kuzunguka chenye utepe mweusi pale ngozi ilipochanika, kioo kirefu, na chupa ya spiriti anayofutia mashine mbele ya mteja ili mteja ajionee. Watoto wanaoangua kilio kwa vinyozi wengine, kwake husinzia. Mkono wake mwepesi, lakini mdomo mzito. Tangu utotoni hajui kumwambia mkubwa wake "hapana". Angeambiwa meza wembe, angeuliza ameze na maji au bila maji.

Presha ndiyo iliyomla mafigo, kimyakimya, huku yeye akidhani miguu inavimba kwa kusimama kutwa. Ndugu walipoitwa wakapimwe nani ampe figo, ungedhani wameitwa mahakamani. Huyu ana safari, yule ana mtoto mchanga, mwingine ghafla akapata kisukari ambacho hakijaonekana tena hadi leo. Mjomba, kaka yake mama, alidai damu yake ni kali mno, haimfai mtu mwingine. Nikapimwa mimi, kitinda mimba, nikafaa, nikatoa figo langu la kushoto. Siku tuliporudi nyumbani mjomba alisimama katikati ya sebule ya mama akahutubia: "Familia hii imetoa figo." Familia nzima, lakini kovu ninalo peke yangu.

Huyu mjomba tunamwita Profesa. Aliwahi kuwa mtunza stoo wa zahanati, akipokea maboksi ya dawa, na anaamini elimu iliyokuwemo ndani ilimwingia kupitia mabegani.

Baada ya kupandikizwa, kaka alipewa dawa za kumeza kila siku maisha yake yote. Daktari wake alitueleza vizuri: mwili unaliona figo la mtu mwingine kama mvamizi, na dawa hizo hushusha kinga ili usilishambulie. Ubaya ni kwamba kinga ikishuka, maradhi mengine hupata upenyo. Kwa hiyo korona ilipoingia, kaka aliogopa, na safari hii aliogopa kwa akili. Akasogeza kiti mlangoni penye hewa. Kila mteja avae barakoa, na yeye avae yake. Ndevu akaziacha kabisa, maana huwezi kumnyoa mtu ndevu huku kidevu kimefunikwa. Wateja walinung'unika, wakabaki na ndevu zao. Baadhi ya ndevu hizo zilificha mengi.

Kisha akaja Profesa. Barakoa yake ilining'inia kidevuni, mahali ilipoishi tangu siku aliyoinunua. Akakohoa, akaketi, akaivua na kuitundika kwenye msumari wa taulo. Nilikuwepo, nimempelekea kaka chakula.

"Ninyoe ndevu, mwanangu. Nina kikao."

"Mjomba, siku hizi ndevu sinyoi," kaka akasema, kama aliyekamatwa na kosa.

"Hizo ni sheria za wateja. Mimi ni mteja?"

Kweli hakuwa mteja, kwa sababu mteja hulipa.

"Unakohoa, mjomba," nikasema.

"Vumbi hilo. Nawe mambo ya wanaume yanakuhusu nini?"

Kaka aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akachukua brashi ya povu. Alimnyoa taratibu, vizuri sana, uso kwa uso, na Profesa hakunyamaza hata wembe ulipopita juu ya mdomo. Nilisimama pale nikiwachukia wote wawili.

Wiki haijaisha, kaka alikuwa kitandani, ana homa, anakohoa, pumzi haifiki chini. Profesa naye alipata mafua ya kupiga chafya, akasema ni ya kubadilika kwa hewa.

Nilijua kaka ana korona siku mama aliponipigia simu, tena kwa furaha, kuniambia nisihangaike kwa kuwa mjomba ameshampa ushauri. Ushauri wenyewe ulikuwa huu: korona inapigwa kwa kinga, hizo dawa zinashusha kinga, basi aziache mpaka apone. Ukiusikia haraka unaingia akilini. Ujinga wa mjomba siku zote unakuja umevaa suti. Nilifika kwa kaka nikihema, nikakuta vidonge vyake vya siku zile zote vimelala kwenye kisahani, vimepangwa vizuri, havijaguswa.

"Mjomba amesema," akaniambia, kana kwamba hilo linatosha.

Hospitali walimtia oksijeni. Daktari wake alituambia kwamba mgonjwa wa figo la kupandikizwa akipata korona, wao wenyewe huweza kupunguza dawa mojawapo, huku wakimpima na kumwangalia. Kuziacha zote kienyeji ni kuuamsha mwili ulishambulie figo. Na mwili ulikuwa umeshaamka. Mapafu yalipona polepole. Figo langu halikupona.

Sasa kaka anasafishwa damu kwa mashine, kwenye chumba cha viti virefu na mipira inamopita damu yake ikienda na kurudi. Juzi Profesa alikuja kumjulia hali, barakoa kidevuni kama kawaida. Hakuuliza hali. Alimgeukia muuguzi, akamwambia kwa sauti ya mtaalamu:

"Hata lile figo lenyewe halikuwa la kutegemea. La mwanamke, unajua. Dogo."

Nilikuwa nimeketi hatua chache tu kutoka alipo. Kabla sijafungua mdomo, kaka alisema, bila kupaza sauti:

"Hapana, mjomba."

Profesa akageuka.

"Figo la dada lilikuwa zima. Nimeliua mimi, kwa kukunyoa na kwa kukusikiliza. Usilisemee vibaya tena."

Ilikuwa hapana yake ya kwanza, na imenigharimu figo. Muuguzi alijifanya anasoma mashine. Profesa akaivuta barakoa kutoka kidevuni na kuziba mdomo. Kabla ya hapo sikuwahi kuiona ikifanya kazi yake.