Nilimnyamazisha baba mkwe, masomo ya mwanangu yakaishia hapo

Vijana wa humu, shikamoo zenu nimezipokea. Mnaitana wakuu, mimi nawaita wajukuu. Darasa langu ni la nne, lakini uongo sikufundishwa. Haya niliyatenda mwenyewe.

Enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni, binti yangu Elirehema alikuwa chuo kikuu, digrii ya pili. Alisomea historia ya Wayahudi. Hapa Meru watu walimcheka: "Wayahudi si wako kwenye Biblia? Unaongeza nini?"

Yeye alitafuta habari za wale waliomkimbia Hitla wakaja kulima huku kwetu. Mwalimu wake alitaka sauti ya mtu aliyewaona kwa macho.

Mtu huyo alikuwa jikoni kwangu. Baba mkwe, ujanani, alipikia familia ya Kiyahudi upande wa Momela. Alizoea kutusimulia: sufuria ya nyama mbali, ya maziwa mbali. Ijumaa jioni mama mwenye nyumba anawasha mishumaa, anafunika macho.

Elirehema aliyasikia utotoni. Jina la familia hakulijua.

Sasa, shamba tunalolima ni kipande cha lile la Myahudi. Na miaka ile mashamba ya zamani yalikuwa yanauzwa kwa wawekezaji. Gari geni likipita, tuko roho juu.

Elirehema akaja na redio ya kurekodi. Alipokuwa anaoga, nikamwambia mzee, "Baba, ukitaja jina la yule mzungu, watoto wake watakuja kudai shamba. Sema umesahau."

"Nimdanganye mjukuu wangu?"

"Unakula kwa nani, Baba?"

Mkamwana hamwambii hivyo baba mkwe. Mimi nilimwambia.

Kaseti ikazunguka. Mzee akamwambia mjukuu wake, "Nimesahau, mama."

Elirehema akanitazama mimi, si yeye.

Alirudi mara mbili tena. Jibu lilelile. Msimu wa kuchuma kahawa mzee akafariki.

Baada ya matanga nikamweleza. Hakulia.

"Mama, wale walinyang'anywa kila kitu kwao. Mimi nilitaka jina lao tu, lisipotee. Wewe unalijua?"

Silijui. Miaka yote mzee akisimulia, mimi nilikuwa nageuza ndizi.

Shahidi mwingine hakumpata, masomo akayaacha. Anafundisha sekondari, mbali. Akipiga simu ananiuliza afya, ananiuliza mvua. Ya zamani haniulizi.

Shamba hajalidai mtu mpaka leo.

Woga ukikushauri, usiufanye mwenye nyumba. Mliowahi kumziba mzee mdomo, semeni hapa chini. Wa kunigombeza naye aandike, nitasoma.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri: mzee akianza kusimulia, asinyamazishwe na mtu. Hata akitaja shamba. Na nikijaribu mimi, nitolewe nje.