Kundi la kina mama Msambweni lilivyotuacha uani tukisubiri

Wakuu, wengi humu ni wajukuu zangu, basi marahaba kabla hamjanisalimu.

Juzi kijana mmoja aliandika kwamba feminism, yaani kutetea haki za wanawake, ililetwa Pwani na semina za hoteli za Diani. Nilicheka kwa uchungu. Nawasimulia niliyoyaona kwa macho yangu, sina la kuongeza.

Ni Msambweni, uhuru ukiwa bado mbichi. Mimi msichana, nimeanza tu kujifunga leso.

Mama zetu walikuwa na mapatano. Mjane akifukuzwa na ndugu za marehemu, wanawake wote wanahamia uani kwake na mikeka na sufuria. Majumbani kwao hakupikwi. Hakuna matusi, hakuna mawe. Wanaketi tu.

Kwa jirani yetu Bi Tatu, alipofiwa na mumewe, waliketi. Jioni ya pili waume wenye njaa walikwenda wenyewe kumsihi shemejiye amwache na nyumba yake. Akamwacha.

(Wanaume wetu walikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kusonga sima.)

Sifa zikaenea, wakubwa wakasikia. Mgeni mheshimiwa alikuwa anakuja, kina mama wakaombwa wamchezee ngoma. Wakagawiwa leso za sare. Mgawaji ni ami yangu, ndugu wa baba, mtu wa kamati ya mapokezi. Kiongozi wao Bi Mwanakombo sasa akaitwa chairlady.

Wakati huo baba alikuwa amefariki. Mama yumo ndani ya eda, ami akaja kusema nyumba ni ya ukoo wake, tuhame kabla ya Ijumaa kwisha.

Mjane wa eda hatoki. Mama alinituma mimi, naye akabaki kufagia ua na kutandika mikeka yote tuliyokuwa nayo.

Niliwakuta kiwanjani wakifanya mazoezi.

"Shikamoo bibi. Mama asema ami amfukuza. Awangoja."

"Marahaba mwanangu," alijibu Bi Mwanakombo. "Mwambie avute subira. Mgeni yuaja Ijumaa, na ami yako ndiye msimamizi wetu, hatuwezi kumuudhi sasa. Mgeni akishaondoka, sote twaja."

Nilimfikishia mama jibu. Hakukunja mikeka. Alisema wale hawawezi kumwacha, kwa Bi Tatu aliketi nao.

Ijumaa ami alituma vijana watutoe. Siku aliichagua vyema. Vyombo vyetu vikitupwa nje, vigelegele vya kiwanjani vilikuwa vinasikika hadi kwetu.

Wanawake walikuja, ndiyo. Jumapili, kwa jirani tulikolala, na leso zao mpya, wamebeba mchele na pole.

Mama aliwashukuru. Kisha akauliza kama kuna aliyeiona mikeka yake. Eda aliimalizia Kinango, kwa mjomba.

Bado nina hasira, sifichi. Nguvu yao yote ilikuwa kule kuketi, nao wakainuka kwa ajili ya kusifiwa.

Nyinyi wenye vikundi leo, mkigawiwa fulana, tazameni kwanza nani hayupo uwanjani, kisha mwende kwake siku hiyo hiyo.

Haya, semeni. Aanze yule kijana wa semina.