Dakika Arobaini za Maji

Nikisikia mtu akisema mashine haina upendeleo, nakunja ngumi. Nilikuwa nikisema hivyo mimi mwenyewe, tena kwa mbwembwe, kwa hiyo nusu ya hasira hii inanirudia na ninaipokea.

Kazi yangu naifanyia Same mjini, kwenye chumba cha kupanga chenye feni na meza moja. Natunza maktaba ya lugha ndogo ya kompyuta, si ya vitabu bali ya vipande vya programu vilivyoandikwa tayari. Mtu akiandika programu kwa lugha hiyo, kuna chombo kinachoitwa kompaila kinachoigeuza iwe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Lakini hata ikishageuzwa, programu haijui kufungua faili, kusoma saa wala kusubiri. Hayo inaiomba maktaba yetu, na maktaba inauomba mfumo endeshi, programu kuu inayoiongoza mashine. Mifumo tunayoihudumia ni mitatu na kila mmoja una kiburi chake. Ahadi yetu kwa watumiaji ni moja tu: andika mara moja, na popote utakapoipeleka programu yako itafanya kilekile. Kwa nje ni mlango mmoja, kwa ndani tumeandika karibu kila kitu mara tatu. Ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba tupo.

Mkuu wa mradi yuko Ulaya, sijawahi kumwona ana kwa ana. Siku moja nilikuwa nikisoma sehemu aliyoiandika ya kusubiri. Kila mashine ina saa mbili ndani yake: moja inayosoma kama saa ya ukutani, ambayo mtu anaweza kuirekebisha, na nyingine inayohesabu tu tangu mashine iwashwe, haiguswi na mtu. Ukitaka kupima muda uliopita, unatumia hiyo ya pili. Kwenye mifumo miwili alifanya hivyo. Kwenye wa tatu alitumia ile ya ukutani, akaandika pembeni kwamba ni kwa sasa tu. Nikamwandikia. Akanijibu kwamba siku hizi hakuna anayerekebisha saa ya kompyuta kwa mkono, zote zinaichukua mtandaoni, na kwamba tuna mambo ya maana zaidi. Nikanyamaza, maana nilitaka nionekane mtu asiye na usumbufu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kwetu ni Myamba, juu milimani. Mama analima tangawizi, na tangawizi bila maji ni kazi bure. Maji yetu yanatoka kwenye ndiva, bwawa la kijiji linalojaa usiku kucha na kufunguliwa asubuhi, kila shamba na zamu yake ya masaa mawili. Zamu ya kwanza, maji yakiwa bado na nguvu, wazee wa zamani waliwapa wajane, na desturi hiyo hakuna aliyethubutu kuigusa. Upande wetu wajane walikuwa wawili, Mama na jirani yake, wakipokezana siku.

Zamu zilikuwa na ugomvi usiokwisha. Watu walimlaumu mlinzi wa ndiva kwamba anawaongezea ndugu zake. Kamati ya maji ilipopata kompyuta kuukuu ya msaada, wakaniomba niwasaidie, nami nikaandika programu kwa lugha yetu ileile, mwisho wa wiki mmoja tu. Mlinzi akifungua maji anampigia simu katibu, katibu anabonyeza, masaa mawili yakitimia mashine inalia, na katibu anampigia mlinzi ahamishe maji. Nikasimama mbele ya mkutano nikasema kompyuta haina shemeji. Walipiga makofi.

Kiangazi kilipokolea Mama akanipigia simu. Alizoea kumaliza matuta kumi na mawili kwa zamu moja, sasa anaishia la nane. Nikamuuliza kama mfereji umeziba, akasema ameuzibua mara mbili. Nikaahidi kuangalia. Nikaiwasha programu kwenye mashine yangu hapa mjini, nikaiacha ihesabu huku naitazama saa ya simu yangu. Ililia masaa mawili yalipotimia, bila kupungua hata dakika. Nikampigia.

"Mama, mashine haikosei," nikamwambia. "Labda siku hizi unachoka."

Akasema haya, akaniuliza kama nimekula.

Sikujiuliza mashine ya kamati inaendeshwa na mfumo gani. Mimi, ambaye mshahara wangu wote ni wa kujiuliza swali hilo!

Kamati ikawaita wote wawili, Mama na jirani. Katibu akafungua daftari lake, ambamo alinakili kila siku yale yaliyoandikwa kwenye kioo cha kompyuta, akasoma: zamu imeanza saa kumi na moja na dakika arobaini, imeisha saa moja na dakika arobaini. Masaa mawili kamili. Kila ukurasa ulikuwa hivyo. Wakaambiwa kwamba asiyeweza kumaliza shamba lake kwa zamu kamili anapoteza maji ya watu, na nusu ya zamu yake itapewa mwenye nguvu. Jirani hakubisha. Alikodisha shamba lake, akashuka bondeni, mji wa Kifaru, kukaa kwa binti yake. Mama alibisha. Wakampa muda hadi siku ya msaragambo, kijiji kizima kitakapokutana kutoa tope kwenye ndiva, hapo ndipo lingeamuliwa.

Nilipanda kwenda kijijini siku mbili kabla, nikiwa na nia ya kumshawishi akubali nusu. Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Asubuhi ya kesho yake, zamu ikiwa ya Mama, nikapita ofisini kumwamkia katibu. Ni mzee aliyestaafu reli, miaka mingi alikuwa kwenye stesheni za bondeni. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku sikio liko kwenye redio. Milio ya saa moja ilipopigwa, akaivuta kompyuta karibu, akaisogeza saa yake mbele dakika arobaini, akaridhika.

"Mzee, unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku. Betri yake ya ndani imechoka, usiku tukiizima inachelewa. Mimi saa ya uongo siwezi kukaa nayo."

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Mlinzi alikuwa amefungua maji saa kumi na mbili na dakika ishirini, kompyuta ikaandika kumi na moja na arobaini. Sasa katibu ameirekebisha, na maktaba yetu, kwenye mfumo huu wa tatu, itadhani dakika arobaini zimepita wakati yeye amegusa vitufe tu. Saa moja na arobaini italia. Tukasubiri pamoja, na ikalia. Mama alikuwa amepata maji kwa saa moja na dakika ishirini tu, na daftari lilikuwa safi kuliko shuka la hospitali. Walioumia ni wenye zamu ya kwanza peke yao, kwa sababu saa ilisogezwa maji yakiwa kwao. Desturi iliyowekwa kuwalinda wajane ndiyo iliyowaweka mahali pa kuibiwa.

Katibu ndiye mtu pekee katika mlolongo wote huu aliyekuwa akifanya kazi yake sawasawa. Nikarekebisha maktaba palepale kwa simu na kompyuta yangu ya mkononi. Ilikuwa mistari mitatu. Nikaituma Ulaya, na kabla ya jua kuzama mkuu akaipokea, akaongeza maelezo kwamba imetatua hali adimu sana. Adimu! Ilitokea kila asubuhi, miezi mitatu mfululizo. Nilimwandikia jibu refu lenye maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na safari hii sikulifuta.

Siku ya msaragambo nilisimama na tope hadi magotini, nikaeleza yote, pamoja na simu niliyompigia Mama. Sikupigiwa makofi. Mwenyekiti akasema zamu yake inabaki kamili, na katibu akamwomba radhi ingawa hakuwa na kosa. Mama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kujaza karai lake. Baadaye akanijia.

"Mpigie yule wa Kifaru," akasema. "Mpigie wewe, si mimi. Mwambie hakuwa mzembe."

Nikampigia nikiwa ukingoni mwa ndiva. Nikamwamkia, nikamweleza polepole, bila maneno ya kompyuta: kwamba maji yake yalikuwa yakikatwa kabla ya wakati, kwamba aliye na kosa ni mimi na wenzangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Nikangoja anitukane, na laiti angenitukana.

"Kwa hiyo nilikuwa naweza," akasema.

"Ulikuwa unaweza, Mama."

"Mimi nilishakubali kwamba nimezeeka. Jembe nimeshaligawa."