Upande wa Kovu

Ukitaka kumjua mfinyanzi, mtazame kucha. Huyu hata siku ya harusi yake bwana harusi alikivisha pete kidole kilichokuwa kama kimetoka kulima. Wakambandika jina la Udongo, naye akaona ni sifa.

Mchana ule sifa zote zilikuwa zimemwishia. Alisimama karakanani mbele ya sanamu ya mama yake, kisu cha kukwangulia mkononi, simu juu ya ndoo.

Mama aliondolewa ziwa moja kwa saratani. Alipopona alimwambia binti yake, "Nifinyange nilivyo. Usinifiche." Udongo akamfinyanga kifua wazi, kovu limelala kama mshono, akaweka picha mtandaoni. Wanawake wenye ugonjwa ule wakaanza kuandika kwenye ukurasa wake, na mama akawa anawajibu mmoja mmoja, miwani puani, chai ikimpoea.

Wenye mtandao wakaifuta: uchi. Akairudisha na maelezo kwamba ni sanaa. Wakaifuta tena, na onyo juu: ikitokea nyingine, ukurasa unafungwa moja kwa moja. Wanawake wote wa mama wangepotea nao.

Na leo mmoja wao, anayekatwa ziwa kesho, ameandika: "Mama, nionyeshe kovu likipona linakaaje. Naogopa, nataka kutoroka hospitali." Walijaribu kumtumia picha faraghani, nako ikazuiwa.

"Mnahangaika bure," alisema mjomba, fundi cherehani asiyekosa jibu la jambo lolote duniani. "Hiyo sanamu si bado mbichi? Kwangua hiyo chuchu, kwisha kazi!"

"Mjomba, juzi si umeweka picha yako kifua wazi? Mbona hawakuifuta, na wewe umejaaliwa kumshinda mama?"

"Mimi mwanamume!"

"Sidiria ya mama ingekubana."

Mjomba akajishika kifua. Lakini neno lake lilikuwa limeshaingia. Udongo akafunua kitambaa kibichi kinachozuia sanamu isipasuke, akasogeza kisu.

"Mwanangu," mama alisema kutoka kwenye kigoda, "la kwanza daktari alilikata ili nipone. Hili unalikata ili apone nani?"

Kisu kikasimama.

Mama akainuka, akashika kibao cha kuzungushia sanamu, akakizungusha polepole mpaka ziwa lililobaki likajificha nyuma ya mkono na kovu likatazama dirisha.

"Wanachotafuta upande huu hakipo. Piga picha."

"Wakifunga je, mama? Hutawapata tena."

"Na huyu akitoroka je? Piga, nimesema."

Udongo akapiga picha. Kidole kikaganda juu ya kitufe cha kutuma, kikabonyeza, akairudisha simu juu ya ndoo. Hakuna aliyekaa. Mara zote mbili picha ilifutwa kabla hajanawa mikono, na sasa alikuwa ameshanawa, akanawa tena, maji yakatoka safi. Mjomba alikuwa na sindano mdomoni, amesahau kuitoa.

Simu ikatetemeka juu ya ndoo.

"Wamefunga!" mjomba alipiga kelele, sindano ikamdondoka.

Mama akaiwahi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akasoma: "Nimeliona. Kumbe linatulia hivyo. Kesho nitakwenda."

Alivaa miwani vizuri, akaanza kujibu kwa kidole kimoja. Udongo akaifunika sanamu kwa kitambaa kibichi, ikiwa na chuchu yake. Na mjomba, taratibu, akafunga vifungo vya shati hadi shingoni.