Kiwele Kifuani

Ule mwaka ziwa lilifungwa, bavuvi bakakaa nyumbani, na hapa mujini Baraka tulikula sombe, majani ya muhogo, sombe asubuhi, sombe mangaribi, mpaka nikasema sasa tutaota majani. Ndio mwaka masanduku ya umeme, yale ya chuma, yenye sura ya jeneza lililosimamishwa, yalipakwa picha. Na mupakaji wa sanduku moja alikuwa mujukuu wangu, binti wa binti yangu. Wangu mimi!

Sanduku lake liko kwenye ukuta wangu. Mukubwa wa kazi alisema: mwenye ukuta akikataa picha, inafutwa, na burashi anapewa mwingine. Usiku ule mutoto akalala na burashi mukononi.

Akachora ng'ombe. Sisi ni batu ya samaki. Ng'ombe tunamujua kwenye sufuria. Akamutia kiwele kifuani, katikati ya miguu ya mbele, kinene kama mutungi. Nami nikapiga vigelegele, nikacheza na mwiko mukononi. Nilijua nini?

Akapita mama mumoja wa Bibokoboko, kule juu milimani kwa bafugaji, muuza maziwa, bidoni kichwani. Akaangalia. Akatua bidoni. Akakaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Mama, ndama ya huyu atanyonya shingo?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mutoto alilia.

"Nyamaza, leta burashi," yule mama akamuambia. Akamushika mukono, bakapeleka kiwele nyuma, bakarefusha pembe mpaka zikavuka sanduku zikapanda ukutani kwangu. Kile cha kifuani kilikataa kufutika, basi mutoto akakitia mukia na jicho: ng'ombe amevaa samaki shingoni! Soko yote ikahamia kwangu.

Shefu wa kartie, musimamizi wa mutaa wetu, akaja, uso umekunjwa. "Mama, samaki abaki. Ng'ombe ni wa batu ya juu, si wa kwetu, afutwe. Sema neno moja tu."

Mutoto aliniangalia, burashi kaficha mugongoni.

Nikasema: "Sifuti. Macho yakikuuma, pita njia ingine."

Siku ya soko akarudi na bazee babili, sauti imepoa. "Tate, bibi yetu, tusigombane. Pembe tu, basi. Pembe tu tuzikate."

Nilikuwa nakunywa maziwa ya ng'ombe wa yule mama, povu juu ya mudomo kama ndevu. Sikupangusa.

"Sifuti. Macho yakikuuma, pita njia ingine."