Donge la Saruji Ndani ya Kompyuta

Siku kompyuta yangu ilipofunguliwa nikaona saruji ndani naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Mwanangu, umeniambia unataka kuunga kompyuta yako mwenyewe, ndogo, ya kufanyia kazi na kuchezea gemu, na fedha haitoshi. Kabla hujapanda basi kwenda kununua vifaa, kaa kwanza. Mimi niliishia la saba, lakini somo hili nalijua, na aliyelilipia ni bibi yako.

Kwenye shamba la mkonge huku bondeni nilikuwa mtu wa mizani. Nikilinyanyua robota kidogo tu nakutajia uzito wake, na karani anakuta hivyohivyo. Nilijivuna sana kwa hilo. Kisha wakatupunguza kazini. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mji wa Same umejaa mitumba na redio za kila namna, kila kitu kipo isipokuwa kazi. Nikawaza: kompyuta moja, chumba kidogo karibu na stendi. Asubuhi nichape barua na mitihani ya shule, jioni vijana walipie gemu ya magari. Unaona, unachokiwaza leo mimi nilishakiwaza.

Aliyeuza vifaa ni Elisante. Namtaja, sioni sababu ya kumficha. Tuliimba naye kwaya kijijini kwetu Suji, mlimani, tukakaa benchi moja la besi. Fedha sikuwa nayo, ila mama alikuwa na cherehani ya miguu aliyoshonea sare za watoto wa nusu ya kijiji. Elisante akasema ataichukua hiyo badala ya fedha, atanitunzia, na kazi ikianza nitaikomboa.

Mama aliishika meza ya cherehani kwa muda. "Ukianza kuchapa unairudisha, Zakaria. Mimi bila mashine nitakuwa wa kuombaomba chumvi kwa majirani."

Nikamwahidi.

Basi tukachagua kipande kimoja kimoja, tukafika kwenye kisanduku cha umeme, kile kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Elisante akaweka viwili mezani.

"Chagua, mtu wa mizani. Mkono wako si huwa haukosei?"

Nikavipima kwa mkono. Kimoja chepesi kama kopo la maziwa lililokwisha. Cha pili kimejaa mkononi. Sisi redio tulikuwa tunainunua hivyohivyo, nzito ndiyo nzima. Nikachukua kizito. Sikukiwasha, sikukifungua, sikuuliza kinabeba nini. Elisante akacheka, nami nikadhani ananisifu.

Siku ya kuiwasha kompyuta mama alishuka kutoka Suji, akakaa kwenye benchi na kitenge chake kipya. Ikawaka. Nikamchapia jina lake, akalisoma herufi kwa herufi, akatabasamu. Nami kwa mbwembwe nikafungua gemu ya magari aone. Gari halijafika kona ya kwanza, kioo kikawa cheusi na harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani.

Mzee Hamisi, fundi redio wa mlango wa pili, akaja na bisibisi. Alikifungua kisanduku, akatazama, akakiinamisha. Likaanguka mezani donge la saruji, kubwa kama ngumi, limezungushiwa utepe mweusi. Vilivyobaki ndani vilikuwa kibao kidogo cha umeme, waya mbili tatu na feni, vya kutosha kuchapa jina tu, si kubeba gemu.

"Kijana," alisema, "umeuziwa uzito."

Nikalipima mkononi lile donge. Kuna mtu alikaa chini, akakoroga saruji, akaisubiri ikauke, ili mkono wangu ukubali. Umeme mbovu ulikuwa umeunguza vipande vyote, hakuna hata kimoja kilichopona.

Nikaenda kwa Elisante mbio. "Cherehani ya mama iko wapi?"

"Imeshapata mwenyewe, mjini Mwanga huko."

"Ulisema utaitunza."

"Na wewe ulisema unajua kupima. Niliweka viwili mezani, Zaka. Nani alikushika mkono?"

Hilo ndilo lililoniua, mwanangu, kwa sababu hakuna aliyenishika. Mwizi ni Elisante, nitalisema mpaka kaburini. Mjinga nilikuwa mimi, na aliyeumia si yeye wala mimi. Mama alishona kwa mkono tangu siku ile, kwa taa ya chemli, mpaka macho yakamwishia. Hakuwahi kunitukana. Donge lile alipanda nalo Suji, akalifanya la kuzuia mlango wa jikoni. Kila nilipoingia kumsalimia nililiruka.

Sasa sikiliza. Kisanduku cha umeme kichague kwanza, usikiachie fedha iliyobaki. Soma kinabeba nguvu kiasi gani, kisha ujumlishe mahitaji ya vipande vyote uone kama kinatosha. Kasha dogo la kompyuta linapendeza, lakini pima kama vipande vitaingia na feni ikapata hewa. Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo, hata ikiwa ya mtumba si aibu. Aibu ni kuichukua bila kuiona ikifanya kazi. Usiijaribu kwa kuchapa jina. Hapohapo dukani iendeshee gemu nzito, saa nzima, muuzaji akinuna mwache anune. Na akikusifu, kisanduku cha umeme kifungue mbele yake.

Bisibisi ya Mzee Hamisi iko kwenye droo, aliniachia. Nenda nayo. Mungu akuepushe na mkono unaojiamini kama wangu, akufungulie macho kabla ya pochi, na kazi ya kwanza ya kompyuta hiyo iwe kuandika jina la bibi yako.